Wanakuandaa kwa kazi ya nani? Somo kutoka Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam

Dada na kaka mnaofanya kazi kwenye mashirika, mliomo humu mkitusoma kimyakimya, makala ya leo inawahusu ninyi zaidi.

Kila kambi ina watu wale. Wamevaa kizibao cha shirika, wana daftari la mahudhurio mkononi, wanazunguka shule moja hadi nyingine. Walimu wa darasani sio. Kazi yao ni kusaidia shule: kuleta vitabu, kupanga masomo ya ziada, kutafuta nafasi za ufundi, kukaa na wanafunzi wa madarasa ya mwisho na kuwauliza, "Ukimaliza hapa, unataka kufanya kazi gani?" Wengine wao ni wenyeji, wengine wametoka mbali, na wengi ni wakimbizi kama sisi, wanaolipwa ile posho ndogo tunayoiita insentivu. Tunawapenda, tunawalalamikia, tunawapigia simu usiku tukitaka kujua kama majina yametoka.

Watu wengi wanadhani kazi hiyo imeanza juzi, na semina na makaratasi yake. Hapana. Zaidi ya miaka 60 iliyopita, jijini Dar es Salaam, ilikuwepo taasisi iliyofanya kazi hiyohiyo kwa vijana wakimbizi wa Msumbiji. Ilifundisha watu waliokuja kuwa viongozi wa nchi yao. Lakini pia ilivunjika, tena kwa fujo, ikiwa na miaka mitano tu. Haikuvunjika kwa kukosa pesa wala kwa kukosa walimu. Ndiyo maana nataka tuisome.

Waliokimbia kiu

Tuanze na walikotoka. Msumbiji ilitawaliwa na Wareno. Shule za Waafrika zilikuwa chini ya misheni za Kikatoliki, kwa mkataba ambao Ureno ilifanya na Vatikani mwaka 1940, na sheria iliyofuata mwaka 1941. Mtoto wa Mwafrika alifundishwa Kireno kidogo, sala, na kazi za mikono. Kufika sekondari lilikuwa jambo la wachache sana. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1975, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Hebu tafakari: karne nyingi za Wareno, halafu hesabu inakuwa hiyo.

Kwa hiyo, FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vijana waliotoroka kuja Tanganyika hawakuwa wanatafuta bunduki peke yake. Wengi walikuwa wanatafuta shule. Vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, familia nzima zilivuka mto Ruvuma, na makazi ya wakimbizi yakafunguliwa kusini mwa Tanzania, kama Rutamba na Muhukuru. Lakini vijana waliokuwa wameonja darasa walitaka kufika Dar.

Rais wa kwanza wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliijua kiu hiyo vizuri. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1920 kusini mwa Msumbiji, na shule aliipata kwa kuzunguka dunia. Alisoma Afrika Kusini, akaondolewa chuo kikuu cha Witwatersrand mwaka 1949 serikali ya ubaguzi ilipoingia. Akaenda Lisbon. Akaenda Marekani, akasoma Oberlin, kisha akapata udaktari wa falsafa Northwestern. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Syracuse. Maisha yake yote yalijengwa na skolashipu. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Taasisi inazaliwa

Mwaka 1963 Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam. Mkurugenzi wake alikuwa Janet Mondlane, mke wa Eduardo, Mmarekani aliyezaliwa Illinois. Kisheria Taasisi haikuwa FRELIMO. Ilisimama peke yake, kama shirika la elimu, na sababu ni rahisi: wafadhili wengi walikuwa tayari kutoa pesa za madaftari, lakini si kwa chama kinachopigana vita.

Ford Foundation ya Marekani ilitoa msaada wa kwanza, karibu dola 100,000. Kwa wakati ule zilikuwa pesa nyingi sana. Ureno ikalalamika. Ureno ilikuwa mwenzake Marekani katika NATO, na malalamiko yake yalisikilizwa. Msaada ule haukuendelea. Nani hapa hajawahi kuona programu inayofungwa kwa sababu mambo yamebadilika kwenye mji mkuu wa nchi ambayo hujawahi kuikanyaga? Basi, si mpya.

Janet Mondlane akawa na kazi ya pili juu ya kazi ya shule: kuzunguka kutafuta pesa. Makanisa yakasaidia. Mwaka 1965 serikali ya Sweden ikaanza kuchangia, na msaada wa nchi za kaskazini mwa Ulaya ukaendelea kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo Taasisi ilivyobaki hai.

Mwanzoni ilikuwa zaidi bweni, mahali pa kulala na kupata masomo ya ziada kwa vijana wa Msumbiji waliokuwa Dar. Baadaye ikawa shule ya sekondari yenyewe, inayofundisha kwa Kireno. Hilo la lugha lina maana. Wangeweza kuchagua Kiingereza, ambacho kingewafungulia milango ya Tanzania, Kenya na Marekani. Walichagua lugha ambayo kijana angefanyia kazi akirudi kwao. Sisi tuliotoka kwenye Kifaransa tukaingia kwenye Kiingereza tunajua uchaguzi wa namna hiyo unavyouma.

Taasisi haikuishia kwenye hesabu na jiografia. Ilianzisha mafunzo ya wauguzi wasaidizi, maana maeneo yaliyokombolewa hayakuwa na zahanati. Iliandaa masomo ya historia ya Msumbiji kwa macho ya Waafrika, maana vitabu vya Wareno viliwafundisha watoto historia ya Ureno kama vile nchi yao haikuwa na jana. Kila somo lilikuwa na swali nyuma yake: kesho, huyu kijana atafanya kazi gani?

Waliofanya kazi pale

Wafanyakazi walikuwa mchanganyiko. Hélder Martins, daktari, alifundisha mambo ya afya. Baada ya uhuru akawa waziri wa kwanza wa afya wa Msumbiji. Fernando Ganhão alifundisha. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kule Maputo. Jacinto Veloso alikuwa rubani wa jeshi la Ureno aliyetoroka na ndege mwaka 1963. Naye aliingia darasani. Hao watatu ni wazungu wa asili ya Kireno waliochagua upande wa Waafrika. William Minter, Mmarekani, alifundisha kuanzia mwaka 1966. Betty King, naye Mmarekani, alifanya kazi na Janet ofisini.

Na alikuwepo mkimbizi mmoja kijana ambaye hadithi yake inatuhusu kabisa. Jina lake Josina Muthemba. Alizaliwa mwaka 1945. Machi 1964, akiwa na miaka 18, alitoroka na wenzake kwenda kujiunga na FRELIMO. Wakakamatwa Victoria Falls na polisi wa Rhodesia, wakarudishwa, wakawekwa ndani miezi kadhaa. Akatoka. Akatoroka tena! Mwaka 1965 akafika Dar es Salaam, na akapewa kazi Taasisi ya Msumbiji, msaidizi wa mkurugenzi. Kwa lugha ya leo tungesema ni mfanyakazi mkimbizi, mwenye umri wa miaka 20, anayewahudumia wakimbizi wenzake.

Halafu ikaja nafasi ambayo wengi wetu tunaiombea usiku na mchana: skolashipu ya kwenda kusoma Uswisi. Josina akaikataa. Mwaka 1967 alikuwa mmoja wa wasichana 25 wa kundi la kwanza waliokwenda mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Baadaye akaongoza kazi za ustawi wa jamii, hasa malezi ya watoto walioachwa yatima na vita. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam, akiwa na miaka 25 tu. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji mpaka leo.

Hadithi hiyo hupendwa sana kwenye mikutano. Mtu anaisimulia halafu anamgeukia kijana: "Umeona? Na wewe ujitolee." Ngoja kwanza. Josina alichagua. Aliiona barua ya Uswisi, akaiweka chini mwenyewe. Tofauti kati ya kuchagua na kuchaguliwa ndiyo iliyokuja kuivunja Taasisi.

Njia mbili, na hakuna aliyesema wazi

Kufikia mwaka 1966 na 1967, FRELIMO ilikuwa na msimamo: elimu ni kwa ajili ya mapambano. Aliyesoma kidogo akafundishe wasiojua kabisa. Wanafunzi wakatumwe maeneo yaliyokombolewa, wakafanye kazi, wapitie mafunzo ya kijeshi, halafu masomo ya juu yatafuata. Nchi inahitaji waalimu na wauguzi leo, haiwezi kusubiri miaka saba mtu arudi kutoka Ulaya na digrii. Na wapo walioenda hawakurudi.

Ukiisikiliza hoja hiyo, ina nguvu. Msituni watoto walikuwa wanasoma chini ya mti bila mwalimu. Mtu aliyemaliza darasa la sita alikuwa hazina.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Kijana ametembea kilomita mamia, amepita polisi, amelala njaa, kwa sababu aliambiwa Dar es Salaam kuna shule. Mbele yake anamwona rais wa chama aliyefika alipo kwa sababu ya skolashipu. Anaona majina ya wenzake waliotangulia kwenda Marekani na Ulaya. Anaamini ndiyo ngazi yenyewe: bweni, sekondari, chuo. Sasa anaambiwa ngazi imegeuzwa, apande upande mwingine, na huko mwisho wake pengine ni kifo. Kwani alidanganywa na nani? Hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Mfadhili alikuwa anasaidia elimu. Chama kilikuwa kinaandaa wapiganaji na wajenzi wa nchi. Mwanafunzi alikuwa anatafuta maisha. Kila mmoja aliisoma Taasisi kwa macho yake, na wafanyakazi wa Taasisi walikuwa katikati, kila asubuhi wakiingia darasani na macho hayo matatu yakiwaangalia.

Machi 1968

Mwaka 1967 alifika Dar padri Mkatoliki, Mateus Gwenjere, kutoka katikati ya Msumbiji. Alikuwa ametuma vijana wengi kwenda FRELIMO, na vijana walimwamini. Alipofika akaanza kusema waziwazi yale waliyokuwa wananong'ona: kwamba wana haki ya kuendelea na masomo, kwamba walimu wazungu hawafai kuwa pale, kwamba wakubwa wanawanyima nafasi. Ndani yake yalikuwemo malalamiko ya kweli. Yalikuwemo pia maneno ya ukabila na ya rangi, na ugomvi wa kugombea uongozi wa chama, ambao wanafunzi hawakuuanzisha lakini walitumika ndani yake.

Mapema Machi 1968 fujo zikalipuka bwenini. Polisi wakaitwa. Shule ikafungwa. Serikali ya Tanzania ikawataka Martins, Ganhão na Veloso waondoke nchini. Wanafunzi wengi hawakurudi FRELIMO. Baadhi walivuka mpaka kwenda Kenya, wakawa wakimbizi mara ya pili, safari hii wakiwakimbia watu wa kwao.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane alifungua kifurushi kilichotumwa kama kitabu. Kilikuwa bomu. Alifia Oyster Bay, katika nyumba ya Betty King, yule mfanyakazi wa Taasisi. Gwenjere naye mwisho wake haukuwa mwema: baada ya uhuru aliuawa na serikali mpya bila kufikishwa mahakamani. Mambo ya shule, jamani, yalifika huko.

Walichojifunza

Mwaka 1970 FRELIMO ilifungua tena sekondari, safari hii Bagamoyo. Tofauti kubwa ni kwamba mambo yalisemwa tangu mlangoni. Anayeingia Bagamoyo alijua anaandaliwa kwa kazi gani na atatumwa wapi. Masomo na kazi vilikwenda pamoja. William Minter alirudi kufundisha huko mwaka 1974. Na mwaka 1973 alifika binti aliyekuwa amekatisha masomo yake ya chuo kikuu Lisbon, akawa mwalimu na naibu mkuu wa shule ile ya Bagamoyo. Alikuwa Graça Simbine. Dunia inamjua kwa jina la Graça Machel. Mwaka 1975 akawa waziri wa elimu na utamaduni wa Msumbiji huru, na mwaka 1996 aliwasilisha Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu watoto katika vita, ripoti ambayo mashirika yanayotuhudumia bado yanaitegemea. Yaani sehemu ya kazi ambayo afisa wa ulinzi wa mtoto anaifanya kambini kwako leo inatokana na mwalimu wa shule ya wakimbizi Bagamoyo.

Lakini swali lile la njia mbili halikuisha. Wareno walipokimbia kwa wingi, Msumbiji ilibaki bila walimu, bila makarani, bila mafundi. Tarehe 8 Machi 1977 Samora Machel aliwatangazia wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari kwamba masomo yao yanasimama. Watagawiwa kazi ambazo nchi inahitaji. Mwenye ndoto ya uinjinia akajikuta mwalimu. Kizazi hicho kinaitwa mpaka leo Kizazi cha 8 Machi. Wapo wanaojivunia kwamba waliibeba nchi mabegani. Wapo waliobaki na jeraha la ndoto yao. Wengi wana vyote viwili.

Na sisi je?

Hatuko vitani na mkoloni, na hakuna shirika linalotupeleka Nachingwea. Ila swali ni lilelile. Mwaka 2019 UNHCR ilisema ni asilimia 3 tu ya vijana wakimbizi duniani waliofika elimu ya juu. Lengo lililowekwa ni asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Hata likitimia, vijana 85 kati ya 100 watahitaji njia nyingine. Kwa hiyo mafunzo ya ushonaji, useremala, kompyuta, umeme wa jua na biashara ndogo yapo, na yataendelea kuwepo, na si aibu kuyasoma.

Tatizo linakuja pale njia hizo zinapochanganywa kwenye midomo ya watu. Mwanafunzi anaambiwa "soma kwa bidii, milango itafunguka", bila kuambiwa milango iko mingapi. Anapewa cheti cha ufundi, halafu anagundua nje ya kambi haruhusiwi kufanya kazi. Mfadhili anataka idadi ya waliomaliza. Serikali inayotuhifadhi inataka turudi kwetu. Wazazi wanangoja safari ya ulaya. Na katikati yao, kama ilivyokuwa Dar mwaka 1967, amesimama mfanyakazi mmoja wa shirika na daftari lake.

Kwa hiyo ninyi wafanyakazi wa mashirika, ombi letu si kubwa. Siku ya kwanza ya programu, kabla ya kugawa kalamu, tuambieni mambo matatu. Nani analipia, na kwa muda gani. Nafasi za kuendelea ziko ngapi kweli, hata kama ni mbili. Na cheti hiki kinatambulika wapi, na wapi hakitambuliki. Msiogope kutuvunja moyo. Wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji walikuwa wamevumilia jela na njaa. Wasingeshindwa kuvumilia ukweli. Kilichowashinda ni kuujua wakati umeshachelewa. Ahadi ni deni, hata ile ambayo hukuitamka ila ukaacha watu waiamini.

Na sisi vijana tuna upande wetu. Tuulize mapema. Tuulize kwa adabu, ila tuulize. Ukipewa nafasi ya ufundi, usiiite takataka kwa sababu siyo Canada; wauguzi wasaidizi wa Taasisi ile walitibu watu ambao hakuna daktari angewafikia. Ukipata skolashipu, nenda bila kuona haya. Mondlane alienda, na alirudi. Na akija mtu mwenye maneno matamu kukuambia uchome bweni, jiulize yeye atalala wapi kesho.

Tungependa kusikia kutoka kwenu mlioko Nyarugusu, Nduta, Kakuma, Dadaab, Nakivale, Kyangwali, Dzaleka na mijini. Programu uliyosoma ilikuandaa kwa kazi ya nani? Ulijua lini? Andika hapo chini, kwa Kiswahili chochote ulichonacho.